GOtv Ikikatika, Mbona Citizen Inabaki? Stori ya Doo Yenye Hukuambiwa

Mwezi umeisha, hujalipia dikoda, na ile mechi ulikuwa unangojea imegeuka skrini nyeusi yenye ujumbe wa kukukumbusha ulipe. Unashika rimoti ukitafuta chochote. Muvi, zii. Katuni, zii. Alafu unafika Citizen na iko. NTV iko, KTN iko, KBC pia. Habari ya saa tatu itakupata hapo hapo, na hujatoa hata bob.

Wasee wengi hudhani hiyo ni huruma ya kampuni ya dikoda. Si huruma, buda. Ni sheria, na kama kwako chaneli za bure zinapotea pakeji ikiisha, piga simu uulize, kwa sababu zinafaa kubaki. Hiyo sheria ilipita kwenye vita moja mbaya sana, yenye ilifika hadi Mahakama ya Juu na ikaishia na stesheni tatu kubwa zikiwa gizani karibu wiki tatu. Kama mwaka wa 2015 ulikuwa bado primo, unakumbuka tu mathe akilalamika kwamba hakuna Citizen. Leo acha tuifungue hiyo stori, kwa sababu bado inaamua ni nani anamlipa mwandishi wa habari unayocheki.

Kitu chenyewe ni ada ya kubeba chaneli. Iko hivi. Kuna mwenye chaneli, yule anatengeneza au kununua vipindi. Kuna mwenye bomba, yule ako na setilaiti, kebo, mnara au dikoda kwa keja yako. Wewe unamlipa mwenye bomba. Sasa swali: mwenye bomba amlipe mwenye chaneli, ama mwenye chaneli ashukuru kwamba amebebwa?

Fikiria mtu wa maziwa na supa. Maziwa yako ikipendwa sana, unaambia supa, nilipe vizuri ama nitoe mzigo kwa shelfu. Ikiwa hakuna mtu anakujua, supa ndiyo inakuambia ulipe ndio upewe shelfu. Biashara ya TV ni hiyo hiyo, tofauti tu ni kwamba hapa maziwa ikitolewa, milioni ya watu wanashtuka usiku mmoja.

Wamarekani wanavyopigana

Ukitaka kuona hii kitu ikiwa imeiva, cheki Marekani. Tarehe 30 Oktoba 2025 mkataba kati ya Disney na YouTube TV uliisha bila makubaliano. YouTube TV si ile YouTube yetu ya kucheki ngoma. Ni huduma ya kulipia, kama dikoda ya intaneti, na kule inakadiriwa kuwa na wateja karibu milioni 10. Usiku huo wakapoteza ESPN, ABC na chaneli zingine zote za Disney. Giza lilidumu hadi 14 Novemba. Mechi mbili za NFL za Jumatatu zikapita hivyo hivyo.

Katikati kulikuwa na siku moja ya kuchekesha na kuudhi kwa pamoja. Tarehe 4 Novemba ilikuwa siku ya uchaguzi, ile yenye Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alishinda umeya wa New York. Disney ikaomba ABC irudishwe kwa siku hiyo tu, watu wapate matokeo. YouTube ikakataa, ikasema kama ni kurudisha, turudishe ABC na ESPN zote wakati tunaendelea kuongea. Unaona hapo? Kila upande ulikuwa unasema unamtetea mtazamaji, na mtazamaji mwenyewe amekaa kwa kochi hana chaneli.

Walikuwa wanapigania nini? Doo. Disney inataka bei iende juu, YouTube inasema bei ikienda juu mteja ndiye atalipa. Na ukweli ni kwamba wote wako sahihi, hapo ndipo stori inakuwa noma. Kutengeneza michezo ya live ni ghali. ESPN hulipa ligi mabilioni ya dola ndio ipate mechi, kisha inageukia mwenye bomba. Makadirio ya sekta yanasema ESPN peke yake hulipwa zaidi ya dola 9 kwa kila nyumba, kila mwezi. Weka hiyo kwa shilingi, ni karibu KSh1,200. Na hiyo inalipwa na kila nyumba yenye pakeji hiyo, hata ile ya shosh mwenye hajawahi kujua tofauti ya mpira wa mkono na wa miguu.

Sasa jumlisha chaneli kama hizo, alafu cheki bei. YouTube TV ilianza mwaka wa 2017 kwa dola 35 kwa mwezi. Ilikuja kama mkombozi, bei ya chini kuliko kebo. Kufikia Januari 2025 ilikuwa dola 82.99, yaani kama KSh10,700. Mkombozi amekuwa kebo.

Hii si mara ya kwanza, na si Disney peke yake. Agosti 2013 CBS ilitoka kwa Time Warner Cable mwezi mzima, nyumba zaidi ya milioni 3, New York na Los Angeles zikiwa ndani. Septemba 2024 ilikuwa Disney na DirecTV, wiki mbili. Lakini yenye inafaa uielewe vizuri ni ya 2023, Disney na Charter, kampuni ya kebo yenye inajulikana kwa jina la Spectrum.

Charter ilikuwa na wateja karibu milioni 15 wa TV. Tarehe 31 Agosti 2023 chaneli za Disney zikazimika kwao, katikati ya mashindano ya tenisi ya US Open na mpira wa vyuo ukiwa ndio unaanza. Kawaida mwenye kebo huogopa, analipa, anaongeza bili yako kimya kimya. Safari hii Charter ikatoka mbele ya wawekezaji ikasema mfumo wote umeharibika, na kwamba iko tayari kuachana na biashara ya video kabisa. Hoja yao ilikuwa moja, na ni kali: nyinyi Disney mnatuuzia chaneli kwa bei ya juu, alafu vile vipindi vizuri mnaviweka kwa Disney+, mnauzia huyo huyo mteja mara ya pili. Kwa nini alipe mara mbili?

Wakakubaliana tarehe 11 Septemba, saa chache kabla ya mechi ya kwanza ya NFL ya Jumatatu. Charter ikalipa bei ya juu zaidi, lakini wateja wake wengi wakapata Disney+ ya matangazo bila kuongeza kitu, na chaneli nane ndogo za Disney zikaachwa nje. Zile chaneli nane ndizo za kukumbuka. Kabla ya hapo, mwenye chaneli tamu alikuwa anakulazimisha ubebe na zile hakuna mtu anacheki, kama ule mchezo wa wakati wa njaa wa kuuziwa sukari lazima na majani chai. Charter ikasema sukari nitachukua, majani wacha.

Mbona giza liwe kawaida Marekani na si hapa? Kwa sababu ya sheria yao ya kebo ya mwaka wa 1992. Hiyo inaipa stesheni ya hewani, kama ile ya ABC ya mtaa, chaguo kila miaka mitatu. Moja: lazima unibebe, lakini hunilipi. Mbili: huwezi kunibeba bila ruhusa yangu, na ruhusa ina bei. Stesheni kubwa zote huchagua namba mbili, bila shaka. Ndogo zenye hazina nguvu huchagua namba moja. Chaneli za kebo kama ESPN hata hazihitaji hiyo sheria, zinauza tu kwa mkataba.

Shika hapo kwa hilo chaguo la pili. Ndilo stesheni zetu zilikuwa zinapigania.

Nyumbani: vita ya dikoda

Desemba 2009 Rais Kibaki alizindua matangazo ya dijitali. Makataa ya kimataifa kwa nchi za Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati kuhama kutoka analogi yalikuwa 17 Juni 2015. Kwenye analogi, Royal Media, Nation na Standard walikuwa na minara yao wenyewe. Wanatengeneza maziwa na wana duka lao. Kwenye dijitali mpango wa serikali ulikuwa tofauti: wengine watengeneze vipindi, wengine wabebe signali. Leseni za kubeba zikaenda kwa wawili. Signet ya KBC, yaani ya serikali. Na Pan African Network Group, kampuni ya Wachina yenye ni ndugu ya StarTimes. Royal Media na Nation walikuwa wameungana kuomba hiyo leseni, wakakosa.

Jiweke kwa viatu vya wadosi wa stesheni. Umejenga minara miaka mingi, Wakenya wengi wanakucheki wewe, na sasa unaambiwa upeleke signali yako kwa mashine ya mtu mwingine, mwenye pia anauza dikoda za kulipia. Na hapo hapo StarTimes na GOtv wanauza dikoda mtaani, na kitu cha kwanza mteja anauliza dukani ni kimoja: iko na Citizen? Iko. Basi nipe. Kwa hiyo Citizen inauza dikoda, na Citizen hailipwi.

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja ya nyumba tatu, na mimi sioni ikiwa ya ujinga. Walisema: mnabeba vipindi vyetu bila ruhusa, na hiyo ni kuvunja hakimiliki. Wakaenda kwa hewa yao wenyewe wakarusha matangazo ya kuonya watu wasinunue dikoda za hao wengine. Hapo ndipo walipokosea hesabu, kwa sababu ilionekana ni wadosi wanatisha wananchi ndio walinde biashara.

Upande wa dikoda nao walikuwa na jibu. Sisi tunawabeba kwa sababu leseni inatuamuru tuwabebe. Hatuwezi kukataa. Na nyinyi mnafaidika, kwa sababu macho mengi yanawafikia, na macho ndiyo mnawauzia wenye matangazo.

Kesi ilichezwa raundi tatu. Desemba 2013 Mahakama Kuu, chini ya marehemu Jaji David Majanja, ikatupa ombi la nyumba hizo tatu. Machi 2014 Mahakama ya Rufaa ikapindua kila kitu: ikasema wapewe leseni yao ya kubeba signali, na kwamba kubebwa bila ruhusa ni kuvunja hakimiliki yao. Hapo kwa miezi kadhaa, kisheria, Kenya ilikuwa inaelekea njia ya Marekani. Stesheni ingeweza kusema lipa ama nitoke.

Alafu 29 Septemba 2014 ikaja Mahakama ya Juu. Ikasema hapana. Sharti la Lazima Ubebe liko kwa faida ya umma, stesheni za bure zinatangaza bure kwa kila mtu, na kubebwa kwenye dikoda ya mwingine hakujawanyang'anya kitu. Ni matumizi halali. Lakini mahakama haikuwaacha mikono mitupu. Iliamuru mdhibiti aangalie ombi la wawekezaji wa ndani kuhusu leseni ya kubeba signali, na hapo ndipo nyumba hizo tatu zikapata njia ya kujenga mtandao wao, Africa Digital Network, ADN.

Walipata nafasi ya kujenga bomba lao, wakapoteza nafasi ya kulipwa kwa bomba la wengine. Ndio bei ya mapatano.

Kisha ikaja ile mbio ya mwisho. Stesheni zikasema mashine za ADN bado hazijafika, mtupe muda. Mamlaka ya Mawasiliano, CA, ikasema muda umeisha. Tarehe 13 Februari 2015 Mahakama ya Juu ikakataa kuongeza muda, na kesho yake, Valentine, mitambo yao ya analogi ikazimwa. Citizen, NTV, KTN na QTV, zote chini. Nchi nzima ikabaki na KBC, K24 na wengine waliokuwa wamehama mapema. Zilirudi mwanzoni mwa Machi.

Watu wengi hukumbuka hiyo kama vita ya dikoda, analogi na dijitali, wazee wakikataa teknolojia. Hiyo ndiyo picha iliuzwa. Chini yake kulikuwa na swali la doo ya kubeba, na jibu likawa zero.

Bure inalipwa na nani

Kwa mfuko wako, hiyo zero ni poa. Wacha niwe wazi, kama ningeulizwa 2014 nichague kati ya Citizen ya bure kwa kila dikoda na Citizen ya kujadiliwa kila miaka mitatu, ningechagua bure bila kufikiria. Nchi yenye msee analipa dikoda ya bei ya chini kwa shida haiwezi kuendeshwa kama Los Angeles. Fikiria Agosti 2022, Bomas, tunangojea matokeo, alafu stesheni na kampuni ya dikoda wanavutana bei na skrini ni nyeusi. Ingekuwa balaa.

Lakini bure haimaanishi hakuna bili. ABC ya Marekani ina mito miwili ya pesa: matangazo, na ile ada ya kubebwa. Citizen, NTV na KTN wana mto mmoja mkubwa kwa TV, nao ni matangazo. Mwenye mto mmoja hutishwa kirahisi. Mtu akiweka jiwe hapo juu, chini wote wanakauka.

Na mawe yamekuwa yakiwekwa. Machi 2024 Wizara ya Habari ilitoa agizo kwamba matangazo ya serikali yaende KBC peke yake. Agizo hilo lilipelekwa kortini, lakini ujumbe ulikuwa umefika kwa kila meza ya habari. Serikali ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa matangazo nchini, na deni lake kwa vyombo vya habari limekuwa wimbo wa kila mwaka. Kisha Aprili 2025 bodi ya kamari ikasimamisha matangazo yote ya betting kwa siku 30. Hata kama unaona betting imemaliza vijana, na mimi naona hivyo, cheki hesabu tu: mteja mwingine mkubwa ameondoka kwa barua moja.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini hiyo stesheni inaonekana laini siku hizi, kwa nini wanahabari wanafutwa kila mwaka, au kwa nini jioni ni soap iliyonunuliwa nje badala ya kitu kimepigwa hapa, usikimbilie kusema wamenunuliwa. Mara nyingine ni vile hakuna mteja mwingine wa kuwalipa. Wewe, mwenye unawacheki kila siku, hujawahi kuwalipa moja kwa moja. Ile pesa ulilipa GOtv na StarTimes haikufika kwao. Si hilo peke yake limewaumiza, intaneti imekula matangazo kila mahali duniani. QTV yenyewe Nation iliifunga mwaka wa 2016 wakati wakipunguza gharama. Lakini mto wa pili ungesaidia.

Na kuna ile ya mnara. Tarehe 25 Juni 2025, ile siku ya kumbukumbu ya maandamano, CA iliagiza stesheni ziache kuonyesha live, na zilipoendelea, signali za NTV, KTN na Citizen zikazimwa hadi korti ilipoamuru zirudishwe. Wewe ulikuwa kwa simu, ukaendelea kucheki kwa YouTube na TikTok. Nyanya yako ocha hakuwa na hiyo njia. Kujenga ADN hakukuwakinga, kwa sababu bomba ni lako lakini leseni ya bomba ni ya mwingine. Kule Marekani giza huletwa na kampuni mbili zikigombania bei. Hapa, 2015, 2018 wakati wa kiapo cha Raila, na pia 2025, aliyezima ni mdhibiti. Hatukuepuka giza. Tulibadilisha tu nani anashika swichi.

Kuna njia ya katikati?

Afrika Kusini imejaribu. Kule pia DStv ililazimishwa kubeba SABC, stesheni ya umma, bure. SABC ikalia miaka mingi kwamba mpira na habari zake zinasaidia kuuza dikoda za mtu mwingine. Mwishowe mdhibiti wao, ICASA, akabadilisha kanuni: kubeba ni lazima, lakini bei ijadiliwe, si zero ya moja kwa moja. Hakuna kutishia kutoka, lakini pia hakuna kubebwa kama mzigo wa bure.

Kwa stesheni za binafsi huko mambo ni ya mkataba, na ni magumu. Mwaka wa 2022 MultiChoice, wenye DStv, walitaka kuondoa chaneli nne za eMedia, kampuni ya e.tv. eMedia ikakimbia kwa korti za ushindani ikisema huyu ni mkubwa sana kwa soko, akinitupa nimekufa. Korti ya rufaa ya ushindani ikaamuru chaneli ziendelee kubebwa kwa muda. Angalia vile hoja imegeuka. Nairobi stesheni zilikuwa zinasema msitubebe bila kutulipa. Johannesburg stesheni ilikuwa inasema tafadhali usiache kunibeba. Tofauti ni nani anamhitaji mwingine zaidi. Citizen ikitoka kwa dikoda, dikoda inabaki na kesi na wateja. Chaneli ya muvi za zamani ikitoka, unaguna siku mbili unasahau.

Mimi ningependa tujaribu hiyo ya ICASA. Lazima Ubebe ibaki, hakuna mtu kukosa habari kwa sababu wadosi wawili wamekosana, lakini kampuni ya kulipia yenye inajaza pakeji yake na stesheni za ndani itoe kitu kidogo, na bei iangaliwe na mtu wa tatu. Najua mtasema hiyo kitu kidogo itaongezwa kwa bili yetu. Itaongezwa, ndio. Sihitaji kukudanganya. Swali ni kama shilingi chache za kulipa mwandishi wa Kisumu au Mombasa ni mbaya kuliko kumuacha angojee tangazo la wizara.

Sasa hivi kwa meza

Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuchukua MultiChoice. Kwa hiyo DStv na GOtv yako sasa ina mdosi Paris, na kampuni hiyo iliyoungana inajitangaza kuwa na wateja zaidi ya milioni 40 kwa nchi karibu 70. Ukubwa kama huo ni silaha kwa meza ya bei. Disney au mwingine yeyote wa Marekani akija na bei ya juu, Canal+ anaweza kusema lipisha kidogo ama upoteze nusu ya Afrika. Hiyo inaweza kukusaidia bei isipande. Inaweza pia kumaanisha kwamba chaneli yako ya kulipia inaondoka kimya, kwa sababu Lazima Ubebe inalinda chaneli za bure za hapa tu. Katuni, muvi, habari za nje, hakuna sheria ya Kenya inazishikilia. Mkataba ukiisha, zimeenda, na pakeji inabaki bei ile ile.

Kwa hiyo siku ukiona tangazo kwamba chaneli fulani inatoka mwisho wa mwezi, angalia tarehe. Mikataba hii hupenda kuiva dakika ya mwisho, kama ile ya Charter na NFL, kwa sababu kila upande unangojea mwingine aogope. Usikimbie kubadilisha dikoda wiki ya kwanza. Lakini pia usilipie miezi sita mbele. Na kama mwisho chaneli imeenda kabisa, uliza pakeji inashuka ngapi. YouTube TV iliwapa wateja wake dola 20 wakati wa ile giza ya Disney, na haikuwa kwa upendo. Walijua wateja watahama.

Kwa stesheni zetu, vita inayofuata haiko kwa dikoda tena. Iko kwa YouTube, ile ya bure, mahali wewe unacheki bulletin saa nne usiku ukiwa kwa matatu. Hapo kuna ada ya aina yake: YouTube hugawa mapato ya matangazo ya video ndefu, asilimia 55 kwa mwenye chaneli, inayobaki kwa Google. Ni zaidi ya ile zero ya dikoda. Ila bei hiyo haikujadiliwa na Royal Media, Nation wala Standard, na hakuna jaji wa Nairobi wa kupelekewa wakiamka kesho wapate imekuwa 40.